Shavu Moja Tu, Don Agapito

Dada yangu Zunilda alipopiga simu kutoka Buenos Aires kutuambia kwamba anaolewa, baba alifurahi kwa dakika tano hivi. Kisha akasikia kwamba wazazi wa bwana harusi wanataka kutuona kabla ya harusi, nyumbani kwao, siku ya Jumapili, kwa nyama choma. Akanirudishia simu na kuanza kujikuna goti.

Baba yangu ni Agapito Cañete, fundi wa vinubi. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na mmoja. Vinubi vyake vilikuwa vimeshafika Japani na Ufaransa, lakini mwenyewe hakuwahi kwenda mbali zaidi ya Asunción, na huko Asunción alikwenda kung'oa jino.

"Nitamwaibisha mtoto," aliniambia jioni ile. "Watu wa kule wana mambo mengi, Nimia. Mimi hata zile ngazi zinazotembea sizijui."

"Unasimama tu, baba. Zinakupeleka."

"Zinanipeleka wapi?"

Nikaona hapa pana kazi. Kesho yake nikavuka barabara kwenda kwa Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda.

Mtaani kwetu Concepción, mtu yeyote mwenye safari ya Buenos Aires lazima apite kwenye baraza ya Ña Deolinda. Alikuwa amekaa kule miaka ishirini na minane, katika nyumba ya bibi mmoja aitwaye Ofelia, mtaa wa Caballito, kisha akarudi kwetu akiwa na sanduku la kahawia na maneno ya kule mdomoni. Mabinti waliokwenda kutafuta kazi, mafundi wa ujenzi, wagonjwa waliokwenda kupasuliwa, wote aliwafunda kama kungwi anavyofunda mwali. "Sisi pale Caballito," ndivyo alivyoanza kila somo. "Sisi pale Caballito hatuli kabla ya saa tatu usiku." Sote tulijua kwamba alikuwa mfanyakazi wa ndani. Hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi ya hapo, wala mimi sikuwahi.

"Mlete," aliniambia. "Wiki tatu zinatosha. Mwambie anyoe hizo nywele za masikioni kwanza."

Baba alienda amevaa shati la kanisani. Mimi nilikuwa nasafiri naye, kwa hiyo nami nikawa mwanafunzi, ingawa nafundisha darasa la tano na nilijiona najua kila kitu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya salamu. Kwetu Paraguay mwanamke unambusu mashavu yote mawili, na mwanamume unampa mkono. Ña Deolinda akasimama katikati ya baraza, akatoa shavu lake la kulia.

"Nisalimie."

Baba akambusu la kulia, akahamia la kushoto.

"Shavu moja tu, don Agapito! Moja! Ukienda la pili mwenzako ameshageuka, utambusu pua. Tena."

Akarudia. Akaenda tena mashavu mawili.

"Wee mzee, unanisalimia au unanipangusa uso?"

Nilicheka hadi nikaegemea nguzo. Baba akawa mwekundu, akajaribu tena, safari hii akasimama pale pale kwenye la kulia, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hapo sawa," alisema Ña Deolinda, akajirekebisha kitambaa cha kichwani. "Na wanaume vile vile."

"Wanaume vile vile nini?"

"Unawabusu. Shavu moja."

Baba akavuta kiti akakaa. "Mwambieni Zunilda akaolewe Brazili," alisema.

Masomo yaliendelea. Alipanga viti vya jikoni viwe basi, akatufundisha kupanga foleni kituoni, kunyoosha mkono dereva akutambue, kumtajia unakoshuka. Kwenye treni ya chini ya ardhi, mkoba ukae tumboni. Wakigombana barabarani kwa sauti kubwa usikimbie, ndivyo wanavyoongea. Usipige makofi mlangoni kama kwetu, kule kuna kengele. Jibini ya nyumbani usibebe, wataichukua mpakani. Chipa beba, mkate wa muhogo hauna neno. Alimshonea baba mfuko wa kitambaa ndani ya suruali, akampimia kiuno kwa kamba, na wote wawili walikuwa wanatazama pembeni wakati ule wa kupima.

Lakini somo alilolishikilia zaidi lilikuwa la meza. Ukialikwa saa saba, fika saa saba na nusu, maana saa saba kamili utamkuta mwenye nyumba hajachana nywele. Usiende mikono mitupu. Nyama ikiiva mpigie makofi mchomaji, wote hupiga. Uma mkono huu, glasi upande ule. Na chakula kikiisha, usinyanyuke.

"Hapo ndipo wanapoanza kuongea," alisema. "Wanakaa hadi jua linazama. Anayenyanyuka mapema anaonekana hakupendezwa. Unakaa, don Agapito. Hata kama mgongo unakuuma, unakaa."

Alizungumza habari za meza zile kwa ufasaha, kila sahani na nafasi yake, nani anamimina divai na nani anaanza kucheka. Ungedhani ameketi hapo maisha yake yote.

Tiketi zilikuwa tatu, ya tatu ya kaka yangu Wilfrido. Siku nne kabla ya safari Wilfrido akaanguka na pikipiki, akavunjika kifundo cha mguu. Baba aliitazama ile tiketi siku nzima. Jioni akavaa tena shati la kanisani, akavuka barabara bila kuniambia. Alirudi upesi.

"Amekataa," alisema. "Anasema yeye na mji ule walishamalizana."

Asubuhi ya safari tulikuwa stendi na mizigo yetu, ukungu wa Julai umeshuka hadi kwenye matairi ya basi. Mara nikaliona sanduku la kahawia linakuja, na nyuma ya sanduku Ña Deolinda, amevaa koti refu, amepaka rangi ya mdomo.

"Sitaki maneno," alisema kabla hatujafungua mdomo. "Nakuja kuhakikisha huyu mzee habusu watu mara mbili. Nimia, nenda kabadilishe jina kwenye hiyo tiketi."

Baba akamsogelea. Alilichukua sanduku lake mkononi, akakataa kumpa mtu wa mizigo.

Safari ilichukua siku nzima na usiku wake. Ña Deolinda alikaa dirishani, na kadiri tulivyokaribia ndivyo alivyozidi kunyamaza. Tuliposhuka kwenye kituo kikubwa cha Retiro, katikati ya watu wale wote, alifungua mkoba wake na kutoa chupa ndogo iliyojaa sarafu za kule.

"Za basi," alisema. "Nimezitunza tangu nilipoondoka. Dereva hana chenji. Nifuateni."

Tukamfuata. Foleni ilikuwapo, kama alivyosema. Mkono ukanyooshwa, basi likasimama. Akapanda wa kwanza, akataja tunakoshuka, akatafuta pa kutumbukiza sarafu. Hapakuwapo.

"Kadi, mama," alisema dereva.

"Kadi gani?"

"Ya kusafiria. Sarafu ziliondoka zamani. Umetoka wapi wewe?"

Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Ña Deolinda akasimama pale na chupa yake, nikaona sikio lake linakuwa jekundu. Msichana mmoja aliyevaa vipokea sauti masikioni akanyoosha kadi yake akatulipia sote watatu, wala hakutaka shukrani. Tukakaa. Ña Deolinda akaweka chupa mapajani.

"Nimewafundisha mji uliokufa," alisema kwa sauti ndogo.

"Foleni ulitufundisha, na foleni tumeikuta," alijibu baba. "Kadi ni kitu kidogo. Mimi hadi sasa sijambusu mtu yeyote vibaya."

Ña Deolinda hakucheka, lakini alimpa baba nafasi ya dirishani, atazame mji.

Siku mbili zile kabla ya Jumapili, tulipokaa kwa Zunilda, mambo yaligeuka. Mimi na baba tulishika upesi. Ngazi zinazotembea zilimpendeza baba hadi akazipanda mara tatu bila safari. Ña Deolinda ndiye aliyepotea. Duka la mikate alilolijua limekuwa benki, kona aliyoizoea imeota jengo. Baba akawa anamshika kiwiko wakati wa kuvuka ile barabara pana, anasema anaogopa magari. Baba hakuwahi kuogopa gari.

Jumapili ikafika. Wakwe walikaa Caseros, nje kidogo ya mji, nyumba ya chini yenye ua na geti. Zunilda alikuwa ametangulia kusaidia, sisi tukaenda kwa treni. Tulifika saa saba kamili.

"Mapema mno," alisema Ña Deolinda. "Tuzunguke."

Tukazunguka bustani ya mtaa kwa nusu saa katika baridi kali, baba amebeba kilo nzima ya aiskrimu tuliyonunua kwa ushauri wa huyo huyo Ña Deolinda, vidole vimekufa ganzi.

"Deolinda, mikono siihisi."

"Vizuri. Haitayeyuka."

Saa saba na nusu tukasimama getini. Kengele ilikuwa pale pale, kubwa, nyeupe. Baba, kwa woga, akampa aiskrimu Ña Deolinda na kupiga makofi matatu mazito, kama kwetu. Ña Deolinda akafumba macho.

Mlango ukafunguliwa na mzee mnene mwenye aproni, mikono ina majivu. Huyo ndiye Osvaldo, baba wa bwana harusi. Alikuwa anacheka.

"Makofi!" alisema. "Sijasikia makofi getini tangu mama yangu afariki. Ingieni, ingieni."

Baba akamwendea kama mtu anayeingia mtoni wakati wa baridi, akafumba macho, akambusu. Shavu moja. Osvaldo akambusu yeye pia na kumkumbatia. Mkewe, Nélida, shavu moja. Bwana harusi, Ezequiel, shavu moja. Baba alinigeukia ameinua kidevu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Ua ulikuwa na meza ndefu chini ya mzabibu usio na majani, jua la baridi limeangukia kitambaa cheupe. Osvaldo akarudi kwenye moto. Divai ikamiminwa. Nyama ilipoletwa tukapiga makofi, baba akiongoza kwa nguvu mpaka Nélida akasema, "Huyu bwana kalelewa." Ndipo nilipoona kiti kimoja kitupu, kilicho karibu na cha baba.

"Ña Deolinda yuko wapi?" niliuliza.

"Si yuko jikoni?" alisema Nélida. "Aliniambia anataka maji ya kunywa."

Baba aliweka uma chini akainuka. Nikamfuata, nikasimama nje ya mlango wa jikoni.

Ña Deolinda alikuwa amevua koti. Mikono ya gauni ameikunja, anaosha majani ya saladi jani moja moja, na sufuria zote zilizokuwa kwenye sinki ameshazisugua.

"Chakula tayari," alisema baba.

"Kuleni. Mimi nitakula hapa baadaye."

"Kiti chako kiko pale."

"Don Agapito, niache."

"Umegombana na mtu?"

Akafunga bomba. Mikono ilikuwa inadondosha maji.

"Miaka ishirini na minane," alisema. "Hizo meza zote nilizowafundisha, nilizijua kutoka hapa mlangoni, na sahani mkononi. Señora Ofelia hakuwa mbaya. Alinipa koti hili. Lakini kwenye meza yake sikuwahi kukaa, hata siku ya Krismasi. Nikikaa leo sitajua niweke mikono wapi. Wote hawa wataona."

Niliona aibu. Wiki tatu nimecheka kwenye baraza yake, mwalimu mzima, na sikuwa nimeliona jambo hilo.

Baba alijikuna kichwa. Si mtu wa hotuba, baba yangu.

"Mimi nina shida nyingine," alisema. "Nimesahau uma upi ni wa nyama."

"Uma ni mmoja tu."

"Sasa mimi nimeona kama mbili."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Na ile glasi, sijui yangu ni ya kulia au ya kushoto. Nimekunywa ya mama mkwe, nadhani. Bila mtu wa kuninong'oneza nitaharibu harusi ya mtoto hivi hivi."

Ña Deolinda alimtazama. Alijua fika kwamba anadanganywa. Alijifuta mikono, akateremsha mikono ya gauni, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Glasi ya kulia," alisema. "Haya, tangulia."

Akakaa. Alikula taratibu, mgongo umenyooka, na kila mara aliinama kwenye sikio la baba kumnong'oneza jambo, na baba aliitikia kwa kichwa kwa makini, ingawa alikuwa anakula kwa mikono kufikia wakati huo. Zunilda alinitupia jicho kutoka upande wa pili wa meza. Nikajifanya hamnazo.

Nyama ikaisha. Aiskrimu ikaliwa, bado ngumu kama jiwe. Mazungumzo yakashika moto, Osvaldo na Ezequiel wakabishana mpira kwa sauti ya kutoa ukuta mahali pake, na baba akawatazama kwa furaha, hana hofu. Hapo, bila kujijua, Ña Deolinda akainuka. Mkono mmoja ukachukua sahani ya baba, ukaiweka juu ya yake, ukachukua yangu, ukachukua ya Nélida. Ilikuwa haraka sana na bila kelele hata kidogo. Alikuwa na sahani sita mkononi alipogundua kwamba meza imenyamaza.

"Jamani, wewe ni mgeni," alisema Nélida. "Acha hizo."

"Samahani," alisema Ña Deolinda. Akabaki amesimama nazo. Kisha akainua uso. "Nilikuwa mfanyakazi wa ndani. Caballito. Mikono imezoea."

Ezequiel akatazama glasi yake. Mimi nikamwombea baba aseme kitu, na baba akaanza kujikuna goti.

Osvaldo ndiye aliyeinuka. Akazunguka meza na aproni yake, akamwondolea zile sahani mkononi, akaziweka mezani, akamvutia kiti.

"Eguapýna," alisema.

Hilo ni neno la Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani. Keti, tafadhali. Lafudhi yake ilikuwa mbovu, lakini lilikuwa neno lenyewe. Ezequiel akamtazama baba yake kana kwamba amebweka.

"Mama yangu alitoka Corrientes, kule mpakani na kwenu," alisema Osvaldo, naye hakumtazama mwanawe. "Alifanya kazi za ndani Belgrano, miaka thelathini na moja. Alikuwa anarudi nyumbani Jumamosi tu. Nikitaka kumsaidia kuondoa vyombo ananiambia hivyo. Keti. Yeye hakai, mimi nikae."

"Hukuwahi kuniambia, mzee," alisema Ezequiel.

"Hukuwahi kuniuliza. Na mimi sikutaka uniulize."

Ña Deolinda alikaa. Alimtazama yule mzee kwa muda, kisha akasema, "Si hivyo linavyotamkwa."

"Nini?"

"Eguapýna. Unalitamka kama mtu anayetafuna kokwa. Sema tena."

Akasema tena. Akamrekebisha. Akasema tena, sote tukacheka, naye mwenyewe akacheka, ingawa alikuwa anajifuta jicho kwa kona ya aproni. Alikumbuka maneno kama kumi na tano hivi, ya jikoni na ya kulala, na mawili ya matusi ambayo Ña Deolinda aliyasikia akaziba mdomo. Walikaa hivyo hadi jua likaondoka mezani na Nélida akaleta mablanketi ya kufunika magoti. Hakuna aliyegusa sahani.

Tulipoondoka, Osvaldo alitusindikiza hadi kituo cha treni. Yeye na Ña Deolinda walitangulia, anamuuliza majina ya vitu, mbwa, mti, mvua, naye anamjibu. Mimi na baba tulikuwa nyuma.

"Nimia," alisema baba, "unadhani nikimwomba ahamie kwetu atakubali?"

"Muulize, baba."

"Nitamuuliza tukifika nyumbani. Hapa baridi imenibana mdomo."

Harusi yenyewe ilikuwa bado mbele. Tulikaa siku nne zaidi, baba hakuuliza. Ndani ya basi hakuuliza. Tulifika mpakani asubuhi, tukashushwa wote tupange foleni na vitambulisho, macho yamevimba kwa usingizi. Ña Deolinda alikuwa mbele, baba nyuma yake, mimi nyuma ya baba. Ofisa akachukua kitambulisho chake, kisha akanyoosha mkono kwa cha baba.

"Mko pamoja?" aliuliza.

Baba alifungua mdomo ajibu.

"Tuko pamoja," alisema Ña Deolinda.

"Familia?"

Aligeuka akamtazama baba, nywele za mzee zimesimama upande mmoja, koti limefungwa vifungo vibaya. Alimfungulia kile cha juu akakifunga sawasawa.

"Ndiyo," alimwambia ofisa. "Na huyo binti nyuma yake pia."